Rafu ya trei za mayai inayofungwa na kufunguliwa ndani ya gari

Swali: Fundi, habari za kazi. Ninaishi Umoja na ninasambaza mayai kwa maduka ya Donholm, Buruburu na Kayole kwa kutumia gari la Toyota Probox. Kila safari ninabeba trei 63, nimezipanga saba saba kwenda juu, na zile za chini hufika zikiwa na mayai yaliyopasuka. Ningependa kutengeneza rafu nyumbani nikisaidiwa na kaka yangu, lakini Jumapili gari hilo hilo ndilo linalompeleka mama na watoto kanisani, kwa hivyo ni lazima rafu iondoke na kiti cha nyuma kirudi mahali pake. Nitumie mbao gani, na nitaifungaje bila kulitoboa gari?

Jibu: Njema, dada yangu. Umeuliza kuhusu mbao kwanza na kufunga baadaye, nami nitakujibu yote mawili, lakini ninakuomba tangu mwanzo uyape uzito kinyume cha ulivyoyapanga. Rafu zinazoletwa kwenye karakana yetu zikiwa zimeharibika, mara nyingi ubao wake ni mzima kabisa. Kilichoachia ni maungio ya pembe, au kamba iliyokuwa imeishikilia rafu kwenye gari. Rafu ya nyumbani husimama mahali pamoja miaka yote, ilhali hii yako itapita kwenye matuta ya Outering Road kila siku na itafungwa breki pamoja na gari, na kwa hivyo ni lazima ifikiriwe kama sehemu ya gari na si kama samani.

Tuanze na nguvu zenyewe, kwa sababu zitaamua kila kipimo tutakachokitaja baadaye. Trei moja ya mayai 30 ya ukubwa wa kawaida ina uzito unaokaribia kilo mbili, kwa hivyo trei 63 ni kama kilo 126. Ukikanyaga breki kwa ghafla kwenye lami kavu, mzigo husukuma kwenda mbele kwa nguvu ya takriban sehemu nane kati ya kumi za uzito wake, yaani karibu kilo 100 katika hali yako, na hilo ni jambo linaloweza kukupata siku yoyote kijana wa bodaboda akikatiza mbele yako. Ajali ni habari nyingine. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini, husafiri karibu mita 14 kila sekunde, na likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukuma mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Kilo 126 zako zitasukuma kama tani mbili na nusu, na mtu aliyeketi mbele yake ni wewe. Hakuna rafu ya plaiwudi ninayoweza kukuahidi kwamba itabaki nzima katika ajali ya namna hiyo. Tunachoweza kufanya ni kuweka uzito mwingi chini, kuufunga mzigo kwa vitu vyenye nguvu inayojulikana, na kuweka kizuizi baina yake na mgongo wako.

Ndiyo sababu sitakushauri ugawe trei nusu kwa nusu baina ya ghorofa mbili, ingawa najua ndilo wazo linalomjia mtu kwanza. Panga hivi: trei tisa chini, tatu kwa upana na tatu kwa urefu, zikipanda mara tano, ndizo 45; juu ya rafu panga tisa tena, lakini zipande mara mbili tu, ndizo 18. Jumla inabaki 63 kama ulivyozoea. Trei ya chini kabisa sasa itabeba nne badala ya sita, na rafu yenyewe itabeba kilo 36 peke yake. Kama mayai ya chini yataendelea kupasuka hata baada ya hapo, kagua trei zenyewe kabla ya kuilaumu rafu, kwa maana trei ya karatasi iliyolowa au iliyotumika mara nyingi hulegea, vile vigingi vyake hushindwa kubeba uzito, na mzigo wote huangukia maganda ya mayai.

Sasa vipimo. Umbo tunalolenga ni kisanduku chenye kitako chini, kuta mbili za kando, ubao wa mbele upande wa viti, na rafu ya trei za juu ikikaa juu ya kuta hizo. Usianze na gari, anza na trei. Trei nyingi zina upande wa karibu sentimita 30, kwa hivyo tatu ni 90, na ukiongeza nafasi ya vidole unapata sentimita 93 za ndani. Kuta mbili za plaiwudi ya milimita 12 zinaongeza sentimita 2.4, na vile vyuma vya pembe nitakavyovieleza, ambavyo ninataka vikae upande wa nje, vinaongeza sentimita tatu kila upande. Upana wote unakuwa karibu sentimita 102. Kina kiwe sentimita 100, ili trei tatu zikae na pabaki nafasi ya ubao wa mbele na ya kizuizi kidogo nyuma. Kwa urefu wa kwenda juu, weka trei tano zilizojaa mezani na uzipime wewe mwenyewe. Kwa kawaida utapata karibu sentimita 27. Ongeza sentimita tano za mbavu zitakazoishikilia rafu kwa chini, kisha nafasi ya mkono kuingia na kunyanyua trei bila kukwaruza mayai ya juu, na utafika sentimita 38 za kuta. Hata trei mbili zikiwa juu ya rafu, kimo chote hakitazidi nusu mita kwa mengi, kwa hivyo mzigo utabaki chini ya kingo za migongo ya viti vya mbele na kioo cha ndani kitakuonyesha barabara ya nyuma bila shida.

Baada ya kujua vipimo hivyo ndipo uingie kwenye gari na tepu. Kunja kiti cha nyuma, halafu pima upana baina ya yale maumbo yanayofunika magurudumu, kwa kuwa hapo ndipo pembamba zaidi, kisha pima upana na kimo cha uwazi wa mlango wa nyuma, kwa sababu vipande vyote vitapitia hapo. Kata katoni kubwa kwa vipimo vya kitako cha rafu na uilaze sakafuni. Ikijikunja mahali popote, umejua kabla ya kuharibu ubao. Ukikosa sentimita chache baina ya magurudumu, ni heri utengeneze rafu ya trei mbili kwa upana kuliko kuibana ya tatu kwa nguvu, kwa maana rafu inayosugua bodi ya gari italia safari nzima na itakwaruza rangi hadi kutu iingie.

Kuhusu mbao, nunua plaiwudi ya milimita 12 yenye gundi inayostahimili maji. Ile iliyopakwa utando laini wa kahawia au mweusi, inayouzwa kwa majina ya marine na kutumiwa na wajenzi kumimina zege, inafaa sana kwako kwa sababu yai likipasuka utafuta kwa kitambaa na ikaisha. Ubaya wake ni kwamba inateleza, na kwa hilo tutaweka raba. Usikubali kuuziwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, hata ikiwa ni nafuu. Ubao huo ni mzito kuliko plaiwudi, hauzishiki skrubu vizuri kwenye kingo, na ukinywa maji huvimba na haurudi hali yake, nawe utakuwa ukifungua mlango wa nyuma kwenye mvua ya Aprili na ya Novemba.

Watu wengi watakushauri uchukue ya milimita 18 ili uwe na uhakika. Ni kweli kwamba ugumu wa ubao huongezeka haraka sana kwa unene, kwa kuwa ubao wa milimita 18 hupinda chini ya theluthi moja ya ule wa 12 ukibeba uzito ule ule. Lakini kipande kimoja cha sentimita 102 kwa 100 chenye milimita 18 kina uzito wa karibu kilo 11, ilhali cha milimita 12 ni kilo saba na ushei, na wewe ndiwe utakayekinyanyua kila Jumamosi jioni ukiwa umechoka. Njia bora ni kubaki na milimita 12 na kuipa mbavu. Chukua vipande viwili vya mbao ya saiprasi ya inchi mbili kwa mbili, vilivyokauka vizuri, uvibandike kwa gundi ya mbao na skrubu chini ya rafu, vikienda kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, kimoja karibu na theluthi ya kwanza ya kina na kingine kwenye theluthi ya pili. Ubao mtupu wa milimita 12 ukibeba kilo 36 kwa upana huo utashuka milimita kadhaa katikati gari likiwa limesimama, na zaidi ya hapo ukipita kwenye tuta. Ukiwa na mbavu mbili hautashuka hata milimita moja. Mbao ya saiprasi iwe kavu kweli, kwa sababu mbichi husinyaa na kujipinda ikishakaa ndani ya gari lililoanikwa juani, na ubavu uliopinda huipinda rafu nzima.

Ubao kamili ni wa futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122, na mmoja hautatosha. Utahitaji mmoja na nusu. Kwenye ule mzima, kata kitako na rafu ya juu vikifuatana kwa urefu wa ubao, sentimita 102 kila kimoja, na kipande kinachobaki mwishoni kitatoa ukuta mmoja wa sentimita 38 huku msumeno ukichukua milimita zake. Nusu ya pili itatoa ukuta wa pili na ubao wa mbele. Nimeutaja mpangilio huu kwa makusudi. Nyuzi za sura ya plaiwudi kwa kawaida huenda kwa urefu wa ubao, na plaiwudi ina nguvu zaidi kwa upande wa nyuzi hizo, kwa hivyo rafu yako inapaswa kukatwa ili nyuzi ziende kutoka ukuta hadi ukuta. Ukimwachia mkataji aamue, atakata kwa namna inayomrahisishia yeye. Maduka mengi ya mbao ya Gikomba na ya Industrial Area yana mashine ya kukata au yanajua jirani mwenye nayo, na ninakushauri uwaachie mikato yote mirefu iliyonyooka, kisha kaka yako abaki na kutoboa na kupiga msasa. Ukuta uliokatwa kwa mkono ukapinda milimita tano hautakaa wima, na hakuna bolti itakayourekebisha.

Unaona kwamba sijataja miguu. Rafu yenye miguu minne bila kitu kingine chochote cha kuizuia kuyumba hulala kwenda mbele ukifunga breki, kwa kuwa pembe zake hazina cha kuzizuia zisifunguke. Kuta mbili nzima za plaiwudi huizuia isilale kwenda mbele na nyuma, na ubao mmoja wa mbele, ulio nyuma ya viti, huizuia isilale kushoto na kulia unapopinda kwenye mzunguko. Umbo lake, basi, ni kisanduku kilichoachwa wazi upande wa mlango wa nyuma peke yake. Ukitaka kupunguza uzito unaweza kukata tundu la mviringo katikati ya kila ukuta, lakini acha angalau sentimita kumi kila upande na usiguse pembe.

Nakuja kwenye maungio, na hapa naomba kaka yako asome pole pole. Mtu anayetengeneza rafu kwa mara ya kwanza hupiga skrubu kutoka juu ya ubao kuingia kwenye ukingo wa ubao mwingine. Katika plaiwudi ukingo huo ni matabaka membamba yaliyogundishwa. Skrubu huyatanua, na ukiifungua na kuifunga kila wiki, baada ya muda mfupi tundu linakuwa kubwa na skrubu inazunguka bila kushika. Kwa rafu inayoondolewa, kila kiungio kinachofunguliwa kiwe bolti inayopita kwenye uso wa ubao. Nunua kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji chuma cha pembe, kile chenye umbo la L, chenye mabega ya milimita 30 na unene wa milimita tatu, ukatiwe vipande vya sentimita sita na utobolewe huko huko, kwani wana mashine na wanafanya kazi hiyo siku nzima. Bega moja la kila kipande lifungwe moja kwa moja kwenye upande wa nje wa ukuta kwa bolti mbili za milimita sita zenye kichwa bapa cha mviringo, vichwa vikiwa ndani ili visikwaruze trei. Hizo hazifunguliwi tena. Bega la pili lilale juu ya kitako, au chini ya rafu ya juu, na hapo ndipo ipite bolti moja ya milimita nane ambayo utaifungua na kuifunga.

Kwa kila ukuta weka vipande vitatu chini na viwili juu, na kwa ubao wa mbele viwili kila upande. Hiyo ni bolti 14 za kufungua, zote za ukubwa mmoja, ili spana moja ya namba 13 imalize kazi. Kwa upande usioonekana wa ubao pigilia nati zenye meno, zile zinazogongwa zikazama kwenye mbao, ili usihitaji mtu wa pili wa kushika nati kwa chini. Zipigilie upande ambao bolti inazivuta kuingia kwenye ubao, kwani zikipigiliwa upande mwingine zitang'oka. Chini ya kila kichwa cha bolti weka washa ya springi na washa pana. Kuna bolti zenye vichwa vya plastiki vya kukazwa kwa vidole, na zinavutia kwa wepesi wake, lakini kwa mtikisiko wa barabara za Kayole sizipendekezi kwa kiungio chochote kinachobeba uzito.

Juu ya rafu zungusha kizuizi cha mbao chenye kimo cha sentimita tano pande tatu, na upande wa nne, ulio kwenye mlango wa nyuma, weka ubao mwembamba unaochomekwa kwenye mifereji miwili na kuchomolewa unaposhusha trei. Fanya vivyo hivyo kwenye kitako. Halafu tandika raba kwenye ghorofa zote mbili. Tyubu ya zamani ya lori, iliyopasuliwa na kuoshwa vizuri kwa sabuni, inafanya kazi hiyo kuliko zulia lolote, na kwa fundi wa tairi utaipata kwa bei ndogo sana. Bandika vipande vyake pia chini ya kitako, ili rafu isiteleze na ili chuma kisigongane na sakafu ya gari.

Kuifunga kwenye gari ndiyo kazi niliyosema ina uzito zaidi. Uamuzi wako wa kutotoboa ni sahihi, na si kwa ajili ya thamani ya gari pekee: chini ya sakafu hupita mabomba ya breki, mabomba ya mafuta, nyaya na tangi lenyewe, na tundu lililotobolewa bila kujua kilicho chini linaweza kukugharimu zaidi ya mayai ya mwaka mzima. Tazama kwanza ndoano au vikuku vya chuma vya kiwandani kwenye sakafu ya nyuma, karibu na mlango. Shika kila kimoja, ukivute kwa nguvu zako zote kuelekea mbele ya gari na kuelekea juu. Ndoano nyembamba ya waya iliyokusudiwa kushika wavu wa mifuko ya sokoni haifai. Ndoano iliyofungwa kwa bolti kwenye chuma cha bodi ndiyo unayoitaka.

Ukiikosa, mpelekee fundi wa magari unayemwamini akuangalizie bolti za kiwandani zinazofunga viti au mabano yake kwenye sakafu. Chini ya kichwa cha bolti ya namna hiyo huweza kuwekwa bapa la chuma lenye tundu au kikuku cha kufungia mkanda. Bolti mpya iwe ndefu kuliko ya awali kwa unene wa bapa hilo, iwe na uzi ule ule, na iwe ya daraja la nguvu lisilopungua lile la awali, ambalo huandikwa kichwani kwa tarakimu kama 8.8 au 10.9. Bolti za mikanda ya usalama usiziguse, wala usifunge rafu kwa mikanda yenyewe. Jumapili zitakuwa zimewashika watoto.

Kisha nunua mikanda miwili ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini wenye meno, yenye upana wa milimita 50, yenye lebo iliyoshonwa inayoonyesha nguvu yake. Mkanda wa upana huo kwa kawaida huandikiwa nguvu inayopita mno ile ya mkanda mwembamba wa milimita 25, na mkanda usio na lebo usiununue hata ukiwa mpya. Kamba ya nailoni na raba za kufungia mizigo kwenye bodaboda hazina nafasi hapa, kwa sababu hunyumbuka, na rafu iliyofungwa kwa kitu kinachonyumbuka hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kukamatwa. Mkanda wa kwanza uuzungushe mbele ya kisanduku, ukipita nje ya ule ubao wa mbele kwa kimo cha karibu sentimita 20, halafu urudi nyuma pande zote mbili hadi kwenye ndoano za nyuma. Huu ndio unaoizuia rafu isije mbele, na kwa kuwa unavuta kwa mstari ulionyooka, nguvu yake yote inatumika. Toboa mifereji miwili kwenye ubao wa mbele ili mkanda upite humo usiteremke. Mkanda wa pili upite juu ya rafu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukishuka hadi kwenye sakafu, ili rafu isirukeruke kwenye matuta; uukaze vya kutosha usitikisike, lakini usiukaze hadi ubao wa juu upinde. Trei za juu uzifunike kwa wavu wa mizigo unaonaswa kwenye vikuku vya kizuizi chenyewe, kwa maana kuifunga rafu na kuuacha mzigo huru ni kufanya nusu ya kazi.

Baina ya rafu na viti vya mbele ninakuomba uongeze kitu kimoja ambacho hukukiuliza. Ubao wa mbele una kimo cha sentimita 38, na trei za juu ziko juu yake. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu nyepesi ya bomba la mraba yenye wavu wa chuma, yenye kimo cha sentimita 30, inayofungwa kwa bolti juu ya ubao huo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kinachokingwa. Kingo zake zote zipigwe tupa na zivikwe mpira.

Uzito mzima, mayai pamoja na rafu, utakuwa karibu kilo 155. Matoleo mengi ya mizigo ya Probox yaliandikiwa uwezo wa kilo 400 yakiwa na watu wawili na kilo 250 yakiwa na watu watano, na baadhi ya yaliyoingia nchini bado yana kibandiko hicho cha Kijapani kwenye mlango wa nyuma, kwa hivyo bado una nafasi. Hata hivyo ongeza upepo wa tairi za nyuma kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva kwa gari lenye mzigo, na umwombe fundi akague springi na shokomzoba kama gari hulala nyuma hata likiwa tupu. Hakikisha pia kwamba jeki, gurudumu la akiba na zile pembetatu za kuakisi zinafikika bila kushusha trei zote kando ya Jogoo Road.

Kabla ya kupakia mayai, jaribu kwa maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na ushei. Weka mitungi minne kwenye kitako na miwili midogo ya lita 10 juu, funga mikanda, kisha chora kwa chaki mstari kwenye sakafu kuzunguka kingo zote za kitako. Nenda kwenye uwanja mtupu, endesha polepole, ufunge breki kwa nguvu mara kadhaa, upinde kushoto na kulia, halafu ufungue mlango wa nyuma uangalie chaki. Kitako kikiwa kimehama kutoka kwenye mstari, mkanda wa mbele haujakazwa au ndoano inalegea, na haifai kuongeza mwendo mpaka ujue ni ipi kati ya hizo. Kuta zikiwa zimeegemea mbele ilhali kitako kiko pale pale, tatizo liko kwenye vyuma vya pembe. Katika wiki ya kwanza kaza bolti zote kila asubuhi, kwa kuwa mbao mpya hubonyea chini ya washa na bolti hulegea bila mtu kuigusa.

Kingo zote za plaiwudi, pamoja na ndani ya matundu ya bolti, zipakwe vanishi mara mbili kabla ya kuunganisha, kwani maji huingilia hapo hata kwenye ubao wa marine. Andika namba kwenye kila pembe ya kila kipande mahali kinapokutana na mwenzake. Jumamosi ukiifungua, bolti na washa zake zirudi kwenye kopo moja zikiwa 14, na mbao zisimamishwe wima ukutani juu ya vipande viwili vya mbao, zisiguse sakafu ya saruji. Mwishowe, piga simu kwa kampuni yako ya bima uwaeleze kwamba gari linabeba bidhaa za kuuza, kwa sababu bima ya gari la binafsi na ya gari la biashara ni mikataba miwili tofauti, na wakati wa kulisahihisha jambo hilo ni kabla ya safari ya kwanza.